Mama Riziki, niambie ukweli wa kasino

Cedar Rapids, Iowa, Jumapili jioni

Mama Riziki dada yangu,

Shikamoo kama wewe ndiye mkubwa, na kama ni mimi basi marahaba, maana ubishi wetu huo sidhani kama utakwisha hata mbinguni. Habari za Waterloo? Mgongo wa Baba Riziki umetulia, au bado anajikaza kwenda kwenye kiwanda cha nyama na maumivu yake? Sisi wazima. Ombeni amerefuka, sasa ananitazama kwa juu na dharau kidogo. Najua nimekaa kimya tangu ile harusi. Nuna baadaye, kwanza nisomee hadi mwisho, leo nina shida na mwenye dawa yake ni wewe. Huko kwenu Waterloo hilo jumba lipo tangu 2007, hata kabla hamjafika. Sisi letu ndiyo kwanza linajengwa.

Nasema kasino.

Najua kule habari zilifika nusunusu. Sakata lenyewe lina zaidi ya miaka kumi. Machi 2013 watu wa kaunti yetu ya Linn walipiga kura, asilimia 61 wakasema ije. Wewe na mimi wakati huo tulikuwa kambini Nyarugusu kwenye foleni ya unga. Mwaka 2014 tume ya jimbo inayosimamia kamari ikaikataa, wanne kwa mmoja. 2017 ikakataa tena. Novemba 2021 wakarudi kwa wananchi, walioafiki wakashuka hadi kama 55 kwa mia, lakini ushindi ni ushindi. Halafu bunge likafunga mlango wa leseni mpya kwa miaka miwili, mlango ulipofunguka wakabisha hodi palepale. Februari 6, 2025 tume ikapiga kura, wanne kwa mmoja vilevile, ila safari hii wanne ndio waliokubali. Kesho yake wakachimba udongo. Kesho yake, dada! Na mimi fundi wa bomba namngoja mpaka naota kutu.

Ni pale ng'ambo ya mto, upande wa magharibi, kwenye kiwanja kilichobaki wazi tangu mafuriko ya 2008, mto Cedar ulipopanda zaidi ya futi 31 na watu wakahama wasirudi. Tuseme haki, pale palikuwa kama pengo la jino la mbele, kila mgeni anapaona. Sasa kuna uzio na mashine za kunyanyulia vyuma. Jumba la dola milioni 275: mashine 700 za kamari, meza 22 za kuchezea, ukumbi wa muziki, mgahawa wa yule mcheza gofu Zach Johnson aliyekulia hapa, na, usicheke, maabara ya sayansi ya watoto. Wanataka kufungua mwisho wa Desemba 2026. Hoteli haimo, eti wageni walale kwenye hoteli za mjini nao wapate kitu.

Hayo yote yasingenikosesha usingizi, mimi kamari sichezi hata ya njugu. Kinachonikosesha usingizi ni fomu.

Kwa sheria za Iowa kampuni haipewi leseni peke yake, lazima ishikane na chama kisicho cha faida, na chama hicho hugawa pesa kwa vyama vingine vya huduma. Ninyi kule mnacho cha kaunti yenu, ndicho kilichowasaidia watu wengi, nasikia. Hapa kampuni imeahidi asilimia 8 ya pato la michezo, zaidi ya kasino nyingine zote za jimbo. Ni milioni kadhaa za dola kila mwaka. Mwenyekiti wa chama chetu aliposikia hivyo alikosa raha. Unamjua. Akaitisha kikao, akaja na kikokotoo cha simu kimewashwa kabla hata ya sala ya kufungua. "Basi dogo," anasema. "Mwalimu wa Kiingereza wa mama zetu, wa kulipwa, si wa kujitolea anayetukimbia kila Januari. Akiba ya misiba." Akageuka kwangu: "Katibu, uanze kuandaa maombi mapema, siku wakifungua dirisha sisi tuwe wa kwanza."

Weee. Ungekuwepo. Mzee wa Uvira akasimama na Biblia, akafungua Kumbukumbu la Torati pale panapokataza kuleta ujira wa kahaba nyumbani kwa Bwana. Mama Zaina, ambaye kwa kawaida wakikutana lazima wabishane, akasema kwao Qur'ani imeweka ulevi na kamari kwenye aya moja, kwa hiyo yuko na mzee. Wote tukanyamaza kwa mshangao, hao wawili kukubaliana hatujawahi kuona. Ndipo Mama Furaha, sambusa mkononi, akauliza: "Na shule wanazosoma wanenu, mnadhani hamna kodi ya bia na sigara mle? Mbona hamkuwarudisha watoto nyumbani?" Hapo kikao kikachafuka. Mimi naandika muhtasari, najiuliza niandike nini. Niliandika "wajumbe walijadiliana kwa kina."

Lakini nikwambie nilichokiona, ambacho sikukiandika. Nimekaa nyuma karibu na jiko, yule kijana wa Mama Bahati yuko mbele yangu, simu chini ya meza. Anakagua mkeka wake, ile orodha ya mechi alizobashiri. Mechi nne, tatu zina alama ya kijani, ya nne inachezwa saa ileile. Kidole kinaburuta kioo chini, kinaachia, kinaburuta tena. Wazee wanapiga kelele juu ya jumba ambalo halina hata paa, na kamari imeshaingia ndani na viatu vyake, imeketi, inakula sambusa. Tangu Agosti 2019 kubashiri mechi ni halali jimboni, na simu inafanya kila kitu. Sheria inataka uwe na miaka 21. Yeye anayo, sawa. Wadogo zake je, simu wanazitoa kwa nani?

Kwa hiyo kwanza nikasema moyoni, kama wataliwa wataliwa, kasino iwepo isiwepo, heri basi kidogo kirudi kwetu. Halafu nikageuka. Maana hiyo asilimia 8 ni ya nini? Ni ya kinachobaki baada ya walioshinda kulipwa chao. Yaani ni ya pesa walizoliwa watu. Sasa nikimwona mama wa hapa anaingia mle na hundi ya wiki, halafu mwezi ujao mimi namfundisha Kiingereza kwa senti nane za kila dola yake... unanielewa? Tena tumshukuru mfadhili, tupige picha na ile hundi kubwa ya karatasi ngumu, na yeye mama amesimama mstari wa nyuma anapiga makofi.

Na kuna lingine. Watu wa Riverside wenye kasino yao kule kusini, chini ya saa moja kwa gari, walipigana sana hii yetu isijengwe. Walifika hadi kuhoji maneno yaliyokuwa kwenye karatasi ya kura ya 2021, wakashindwa. Nikawa nadhani ni wivu wa biashara tu. Kumbe nao wana mfuko wao unaogawa pesa za kasino kwenye miji midogo ya kaunti ya Washington, na hofu yao ni kwamba mfuko utakauka. Wataalamu walioajiriwa na tume yenyewe walisema wazi kwamba sehemu kubwa ya mapato yetu itatoka kwenye kasino zilizopo tayari. Na Waterloo imo. Basi letu dogo linaweza kuwa ndilo jengo la zimamoto la watu wengine. Nilimwambia mwenyekiti hivyo, akajibu, "Katibu, hata mvua ikinyesha kwetu kuna mahali haikunyesha." Ana majibu, huyo mtu.

Upande wa kazi sina ubishi mkubwa. Mtoto wa dada yangu, yule mrefu, anataka kujifunza kugawa karata. Nikamwambia hiyo si kazi. Akaniuliza: "Mama mdogo, kusimama na kisu kwenye baridi mpaka vidole vife ndiyo kazi? Pale nitavaa tai, mikono safi, bakshishi juu." Nilikosa la kusema. Nilimuuliza tu atarudi nyumbani na nini usiku, kwa maana basi za hapa usiku huzioni na Jumapili hazitembei kabisa. Kazi za kasino ndizo hizo, za usiku na za Jumapili. Mwenye gari atafaidi. Na kila mfanyakazi sharti apate leseni ya jimbo, wanakupekua kwanza. Kwa hiyo wale vijana wetu wawili watatu waliokwisha kuandikwa polisi, hao hao tunaotaka wapate kazi, wanaweza kuishia mlangoni.

Nisikufiche, pesa hiyo naitaka. Kile chumba chetu cha chini ya kanisa unakijua, kipasha joto kinakohoa kuliko Mzee wa Uvira. Nimeshaanza kuandika maombi. Rasimu ya kwanza nimeomba basi na mwalimu. Ya pili nimeomba kitu kingine kabisa, mshauri anayesema Kiswahili, hata wa saa chache kwa wiki, wa kuwasikiliza walionasa kwenye kamari na wake zao. Jimbo lina namba ya bure, 1-800-BETS-OFF, lakini mtu wa kwetu mwenye aibu, akapige simu aanze kutafuta maneno ya Kiingereza ya aibu yake? Hapigi. Nikiwaza hivyo naona basi pesa yao irudi kuziba tundu walilotoboa wenyewe. Halafu naona tena, si ndiyo nawasafishia jina... Sijui. Niliiacha hapo, nikaenda kuosha vyombo.

Mdogo wangu wa Kigoma nilimpigia, nikamweleza, akacheka. Anasema kwao dubwi, zile mashine za kamari, ziko nje ya duka, zinameza sarafu za mia mbili mbili, watoto wanapita wakitoka shule, na hakuna aliyepigishwa kura wala kupewa asilimia yoyote. "Ninyi hata kuliwa mnaulizwa kwanza," anasema. Na pale kambini unakumbuka zile karata nyuma ya kituo cha maji, watu wanacheza mgawo wao wa maharage? Mama yako alimfuata Baba nanihii na mwiko mpaka uwanjani. Nacheka peke yangu hapa.

Sasa nijibu, dada, na unijibu kweli, si ya kunifurahisha. Yule shemeji wa gari jekundu, ni kweli marejesho yote ya kodi yaliishia kwenye mashine usiku mmoja, au ni maneno ya watu? Nasikia mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe azuiwe kuingia, miaka mitano au maisha yake yote. Alijiandikisha? Nani alimsaidia kusoma zile karatasi? Chama chenu kiliwahi kuomba pesa za pale? Walipewa? Na baada ya kupewa, ndimi zenu zilibaki huru kusema kamari ni mbaya, au mkawa mnakohoa tu? Wachungaji walisema nini? Wa kwetu wanaofanya kazi mle ndani ni wangapi, na wakimaliza zamu wanabaki kucheza au wanarudi nyumbani? Maduka ya jirani yalipata wateja, lile la Mama Yvonne kwa mfano, au watu wanaegesha, wanaingia, wanatoka, wanakwenda zao? Na wewe mwenyewe, niambie bila aibu, umewahi kuingia? Kunanukaje?

Kikao kingine ni Jumamosi ijayo na mwenyekiti anataka rasimu mezani. Tafadhali andika, usinitumie sauti, zako zinaanza na salamu za ukoo mzima, nikifika kwenye jambo lenyewe betri imekata. Kama jibu ni refu piga Alhamisi baada ya saa tatu usiku, nitakuwa nimetoka kazini. Msalimie Baba Riziki, mwambie mgongo si wa kuchezea. Riziki mwambie shangazi anasubiri zile picha za mahafali, zimeshafika mwaka wa pili sasa.

Na sufuria yangu kubwa iliyobaki kwako siku ya harusi, ile ya mfuniko uliopinda, nani anakuja huku hivi karibuni?

Wako,
Mama Ombeni