Mtu mmoja, mishipi kumi na moja

Mhariri,

Mimi ni mvuvi wa ndoano, sina boti wala wavu, navua mto Nzoia hapa pande za Rwambwa tangu nikiwa shule ya msingi, na naomba kanafasi kwa gazeti lako manake hii maneno ya mishipi ya kuvulia imenikaa rohoni.

Jumamosi nilifika mtoni saa kumi na mbili asubuhi nikapata mtu mmoja ametega mishipi kumi na moja. Nilihesabu mwenyewe. Amefunga kwa vijiti, kila kijiti hatua mbili tatu kutoka kwa kingine, na yeye hayuko, ati ameenda kunywa chai. Pale pote maji yanatulia pameisha, sisi wengine tukatupa ndoano kwa maji ya mbio tukarudi nyumbani na minyoo yetu. Lakini ile iliniuma zaidi ni mumi, yaani kambare. Alikuwa amenasa kwa mshipi wa tatu sijui tangu lini, tumbo limefura, macho yameshaliwa na kaa, samaki wa kilo mbili hivi bure kabisa, hata mbwa alimnusa akaenda zake.

Ziwani Victoria nyavu za macho madogo zinashikwa na kuchomwa, huku mtoni nani amewahi kuhesabu mishipi ya mtu? Uingereza leseni ya kawaida ni fimbo mbili za kuvulia, na samaki trauti wa mtoni ni fimbo moja tu. Mjomba wangu anasema hao wanavua kwa starehe, sisi tunavua tule. Sawa mjomba, lakini si mtu wa kula ndiye hafai kuacha mumi aoze?

Mi naona kaunti iseme mishipi mitatu kwa mtu, na mwenyewe akae karibu aone kiboya kikizama. Watoto na kamshipi kao waachwe. Mvua ya Aprili ikija, samaki ningu akitoka ziwani akipanda mto na mayai, hiyo mitatu ishuke iwe mmoja. Najua ningu alimalizwa na nyavu za pale mto unaingia ziwani, si sisi, lakini baba alikuwa anawaleta wengi amewatunga kwa kijiti, mimi mwaka unaweza kuisha sijashika hata mmoja.

Na wewe wa kumi na moja, kama unasoma hii, mshipi wako wa tatu niliukunja nikauweka juu ya jiwe. Ndoano ina kutu.

Mvuvi wa ndoano,
Rwambwa