Barua kwa mwanangu: kijani cha mawe ya Mpwapwa

Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Kifurushi chako nimekipokea, na yale mawe mawili yako mezani mbele yangu ninapoandika. Umeniuliza kama wewe na wenzako mchange fedha za leseni ya kuchimba shaba na za mashine ya kusagia mawe kabla mvua hazijaanza. Leseni, pengine. Mashine, bado kabisa. Nakueleza kwa nini, na mfanye nini katika wiki za kiangazi zilizobaki.

Jiwe la kwanza, lenye ganda la kijani kibichi, ni malakaiti kweli, madini ya kijani yenye shaba. Kisu kinalikwaruza, na unga wake ukidondoshewa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 unatoa povu. Povu peke yake si ushahidi, kwa kuwa hata marumaru hutoa povu. Kwa hiyo nimetumbukiza msumari uliosuguliwa kwa msasa ndani ya kile kimiminika, na baada ya dakika chache ukavaa ngozi nyekundu ya shaba. Kipimo hicho ni cha bei ndogo, kifanye kila mara, ukiwa umevaa glovu na miwani. Jiwe la pili ni jambo jingine. Kisu hakikuliweza, lenyewe limekwaruza kioo, na asidi haikulifanya chochote. Hilo ni la jamii ya krisopresi, jiwe gumu la vito, kama yale ya kilima cha Haneti, na kijani chake ni cha nikeli. Muulize aliyekupa alilitoa wapi, na usiliweke tena kwenye kiroba kimoja na mawe ya shaba. Epidoti, madini mengine ya kijani yasiyo ya shaba, nayo huwadanganya wengi: kijani chake kinaelekea njano, na ni ngumu kwa kisu.

Sasa lile la kwanza. Malakaiti safi ina shaba asilimia 57, lakini aliyekupigia hesabu ya mwamba wote kwa kipande kimoja amekupa ndoto. Chukua bonge la mwamba la meta moja kila upande, lenye uzito wa kilo 2,700 hivi, upande wake mmoja wote umepakwa malakaiti yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa macho ni ukuta wa kijani mtupu. Rangi hiyo yote ina uzito wa gramu 400, na shaba ndani yake ni gramu 230. Gawa kwa bonge zima: haifiki hata asilimia 0.01. Shaba hutembea na maji, huingia kwenye nyufa na kupaka kila inapopita, na rangi yake ina nguvu kupita kiasi chake.

Kinyume chake nacho ni kweli, na hapa ndipo wachimbaji wengi wanapopita juu ya mali bila kuiona. Chini kabisa, mahali ambapo hewa haifiki, shaba imefungwa na salfa: kalkopairaiti ya manjano, yenye shaba asilimia 34 na ushee, pamoja na pairaiti ambayo haina shaba. Pairaiti ikipata hewa na maji inaoza na kutoa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo inaisomba shaba kwenda chini. Kinachobaki juu ni kofia ya kutu, mwamba mwekundu au wa kahawia wenye vyumba vidogo vitupu kama sega la nyuki, pengine bila alama yoyote ya kijani. Shaba iliyosombwa ikifika kwenye usawa wa maji ya ardhini hutulia tena, mara nyingine kama kalkosaiti nyeusi yenye shaba karibu asilimia 80. Lakini mwamba ukiwa na chokaa au marumaru, asidi inazimwa papo hapo na shaba inabaki juu kama malakaiti. Kwa hiyo ukiona kijani kingi kwenye marumaru, usitarajie sana utajiri chini ya miguu. Ukiona kofia ya kutu yenye vyumba vitupu kwenye mwamba usio na chokaa, simama hapo, piga nyundo, andika. Mwamba unaozunguka una thamani kuliko rangi. Ndiyo maana kabla ya sururu nenda ofisi za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini hapa Dodoma, ununue karatasi ya ramani ya eneo lenu. Magharibi, ulipo mji huu, ni graniti na miamba mingine ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, kwenu Mpwapwa mmeingia ukanda wa Usagara, wenye miamba iliyokunjwa na kupikwa baadaye, na marumaru, amfibolaiti (mwamba mweusi) na naisi (mwamba wa mistari) hupishana ndani ya hatua chache.

Leseni ni suala fupi ila lina mtego. Leseni ya uchimbaji mdogo wa madini kama haya haizidi hekta 10, na hudumu miaka 7. Angalieni kwanza kwenye ramani ya Tume ya Madini kama eneo liko wazi, kisha muongee na mwenye shamba na serikali ya kijiji, maana leseni haifuti haki ya mwenye ardhi. Mtego uko kwenye GPS. Hekta 10 zikiwa mraba, kila upande ni kama meta 316. Ramani za zamani na mipaka ya leseni nyingi hutumia mfumo wa vipimo vya mahali uitwao Arc 1960, lakini simu na GPS ikitoka dukani husoma mfumo mwingine, WGS84. Tofauti ya mifumo hiyo hapa kwetu ni kama meta 300. Ukichanganya, unaweza kuchimba mtaro wako wote nje ya leseni na hutajua mpaka jirani aje na karatasi zake. Tena kwenye gridi ya ramani (UTM) Dodoma mjini iko zoni ya 36 kusini, na Mpwapwa iko zoni ya 37. Mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita katikati. Andika mfumo na zoni juu ya kila ukurasa wa daftari.

Mkishamaliza hilo, chukueni sampuli za udongo. Pigeni mistari inayokatiza mwelekeo wa miamba, mstari kutoka mstari meta 50, na shimo kila meta 20. Kwa hekta 10 hayo ni mashimo 110 hivi, kazi ya siku chache kwa watu wanne. Chimbeni sentimeta 30 hadi 40 mpaka mpite udongo wa juu wenye mizizi na samadi. Anikeni, kisha chekecheni kwa chujio la nailoni au la chuma kisichoshika kutu; chujio la shaba nyeupe litawapa shaba ya chujio. Vueni na bangili na pete. Kwenye mashine ya mkononi ya mionzi inayosoma kiasi cha shaba, udongo wenye unyevu husomeka chini ya kiwango chake, kwa hiyo usipime asubuhi yenye umande kisha ulinganishe na uliopima mchana.

Namba zikirudi, usitafute kubwa tu. Udongo uliotokana na graniti unaweza kuwa na shaba sehemu 10 au 20 katika milioni, na ule wa amfibolaiti ukafika 100 bila mbale yoyote, yaani mwamba wenye madini ya kuchimbwa, karibu. Ukipiga mstari kutoka kwenye graniti kuingia amfibolaiti, namba itaruka mara tano na mtashangilia mpaka wa miamba tu. Linganisha udongo wa graniti na wa graniti, wa amfibolaiti na wa amfibolaiti. Kwenye mbuga, udongo mweusi unaopasuka ni wa kuletwa na maji, hauwezi kusema kilicho chini yake. Hapo acha shimo na chukua udongo wa kichuguu, kwa kuwa mchwa hupandisha chembe kutoka chini kuliko jembe lako linavyofika. Mimi naviamini vichuguu sana katika ardhi yetu hii, mradi visichanganywe na sampuli za kawaida kwenye jedwali moja.

Mahali namba zilipopanda kwa mashimo mawili matatu yanayofuatana, na katika zaidi ya mstari mmoja, ndipo mchimbe mtaro. Ukatize mshipa kwa pembe mraba. Ukiukata kwa mshazari wa nyuzi 30, mshipa wa meta moja utaonekana wa meta mbili, na hesabu zote zitakazofuata zitakuwa uongo. Usizidishe meta 1.2 kwenda chini bila kuegemeza kuta kwa mbao, na kifusi kikae angalau meta moja kutoka ukingoni. Hilo sikuachii uamue mwenyewe, baba. Udongo uliokauka hautoi onyo.

Sampuli ya mtaro si kuokota. Safisha sehemu ya chini ya ukuta, chora njia ya upana wa sentimeta 5 na kina cha sentimeta 3, uichonge kwa patasi na nyundo juu ya turubai. Kila meta itakupa kilo 4 hivi. Ukitoka kilo 2 umeruka sehemu ngumu, ukitoka kilo 7 umependelea sehemu laini, na malakaiti ni laini. Mahali mwamba unapobadilika, kata sampuli hapo hata kama meta haijaisha. Chukua pia meta moja au mbili za mwamba mtupu kila upande. Katika kila sampuli 20, ingiza moja ya mwamba usio na shaba kabisa na moja iliyorudiwa, kwa namba ambazo maabara haiwezi kuzitambua. Ile tupu ikirudi na shaba, basi kinu cha maabara hakikusafishwa, na majibu ya jirani zake yana shaka.

Hebu tuseme majibu yamekuja hivi: nusu meta ina asilimia 6, meta moja ina 0.8, meta moja na nusu ina 0.3. Wenzako watajumlisha na kugawa kwa tatu, wapate 2.4. Si sahihi. Zidisha kila jibu kwa urefu wake, jumlisha, gawa kwa meta 3 zote: ni 1.4. Kisha nenda mbele. Mshipa ukifuatika meta 120 juu ya ardhi, na upana wa kuchimba ukawa meta 1.2 wenye wastani huo huo wa 1.4, na mkaweza kushuka meta 30, mna meta za ujazo 4,320. Mwamba uliooza una matundu, kwa hiyo weka tani 2.5 kwa kila meta ya ujazo, usiweke 2.7. Ni tani 10,800, zenye shaba tani 151. Hiyo ni kama mshipa haukukatika katikati. Mitaro mitatu katika meta 120 ndiyo kiwango cha chini cha kuthubutu kusema haukukatika.

Sasa mashine. Mnataka kusaga na kulowesha kwenye asidi ya salfuriki, kisha kutoa shaba kwa vyuma chakavu. Kilo moja ya shaba iliyo kwenye malakaiti inakula kilo 1.54 za asidi. Tani moja ya mbale yenu, asilimia 1.4, ina kilo 14 za shaba, ambazo zitakula kilo 22 hivi. Lakini mwamba huo ukiwa na chokaa asilimia 5 tu, chokaa hiyo peke yake itakula kilo 49. Mtakuwa mnanunua asidi ya kuyeyushia marumaru, na kuisafirisha kwa lori kwenye barabara ile. Njia ya vyuma chakavu hairudishi asidi, na kila kilo ya shaba inakula chuma kilo 0.88 kwa hesabu ya kitabu, na zaidi kwa vitendo. Jiwe lako la kwanza lina mishipa myeupe, nami nimeidondoshea asidi: imechemka kwa nguvu kuliko malakaiti yenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya jibu langu la juu.

Kwa hiyo mkipeleka sampuli maabara, msiombe kipimo kimoja. Ombeni shaba yote, shaba inayoyeyuka kwenye asidi, na kiasi cha asidi kinacholiwa na kilo moja ya mwamba. Tofauti kati ya viwili vya kwanza itawaonyesha salfa inaanzia wapi, na mbale ya salfa hailoweshwi hivyo, hiyo huelea kwa povu ili kupata makinikia. Chokaa ikizidi, chambueni kwa mkono muuze mbale, mkikumbuka mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1.

Na huyo anayewauzia kipimo cha umeme wa ardhini, mwambieni asubiri. Kipimo kile huona salfa iliyotawanyika, lakini kinywe (grafaiti) nacho hukiitikia kwa nguvu ile ile, na ukanda wenu una kinywe. Watu wamechoronga mashimo ya gharama kubwa wakatoa unga mweusi unaochafua mikono. Mitaro kwanza.

Ukija Jumamosi, njoo na daftari, si picha za simu peke yake. Na uniletee mawe ambayo hayana rangi yoyote, yale yaliyo meta mbili kila upande wa kijani.

Mama yako