Tusimtwishe mke wa Macbeth mzigo wote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu makala ya toleo lililopita kuhusu Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, ile iliyohitimisha kwamba jemadari yule wa Uskoti alikuwa mtu mwema aliyeponzwa na mkewe na wachawi watatu. Mwandishi alifika hadi kutuwekea methali ya kikulacho ki nguoni mwako. Methali ni nzuri, ila ameipeleka nyumba siyo. Anayeliwa na kilichomo nguoni mwake humu ni Mfalme Duncan, anayeuawa na Macbeth usiku akiwa mgeni wake, ili Macbeth atwae taji. Shakespeare amelionyesha hilo kwa kejeli chungu: Duncan anamzungumzia mkuu wa Cawdor aliyeasi, anakiri kwamba hakuna elimu ya kuusoma moyo wa mtu usoni pake, na kwamba msaliti yule alikuwa mtu aliyemwamini kabisa. Hajamaliza, anaingia Macbeth, aliyekwisha kupewa cheo kile kile cha Cawdor, na mzee wa watu anampokea kwa shukrani tele.

Wachawi nitawapitia haraka. Walimwambia atakuwa mkuu wa Cawdor, na muda si muda wajumbe wa mfalme wakamletea cheo hicho bila yeye kutia mkono. Walimwambia pia atakuwa mfalme. Basi. Hawakumtajia jambia, wala hawakumwambia Duncan lazima afe. Wazo la kuua lilitoka kwake mwenyewe, tena lilimjia papo hapo, nywele zikamsisimka na moyo ukamdunda. Banquo, jemadari mwenzake, alisimama pale pale, akasikia maneno yale yale, na ahadi yake ilikuwa nono kuliko ya mwenzake: kizazi kizima cha wafalme. Naye hakulala vizuri baada ya hapo, tusimfanye malaika, lakini hakuchukua jambia.

Sasa mke. Sisemi hana hatia. Alimsuta mumewe kwamba si mwanamume, akapanga jinsi ya kuwalewesha walinzi, na majambia ambayo mume aliyabeba kwa kuchanganyikiwa ni yeye aliyeyarudisha chumbani kwa marehemu. Lakini kabla ya hayo yote Macbeth yuko peke yake, na anajihubiria mahubiri ambayo kasisi yeyote angeyaonea wivu. Duncan ni ndugu yake. Ni mfalme wake. Usiku huo ni mgeni wake, na mwenyeji kazi yake ni kumfungia muuaji mlango, si kushika kisu mwenyewe. Anaongeza kwamba Duncan ametawala kwa upole. Kisha anakiri kwamba hana kinachomsukuma ila tamaa ya makuu, nayo anaifananisha na mtu anayerukia farasi kwa pupa akaishia kuangukia upande wa pili. Mtu aliyezipanga hoja zote za kujizuia kwa ufasaha namna hiyo hakudanganywa na yeyote. Alijua. Na mkewe anapomkaripia anamkumbusha kwamba mumewe ndiye aliyeanza kumfungulia jambo hilo.

Lakini ushahidi mzito, ambao makala haikuugusa kabisa, uko baada ya taji. Banquo aliuawa kwa amri ya nani? Macbeth aliwaita wauaji mwenyewe, akawashawishi kwa maneno marefu kwamba Banquo ndiye adui wao, na mkewe alipouliza kinachoendelea alimwambia akae bila kujua hadi siku ya kushangilia. Kisha zamu ya nyumba ya Macduff, mkuu wa Fife. Huyu alikuwa amekwisha kimbilia Uingereza. Huko Fife walibaki mke na watoto tu, watu wasioweza kumtikisa mfalme hata kidogo. Macbeth akaamuru wachinjwe wote. Mkewe hayumo katika shauri hilo, si kwa neno wala kwa ishara. Na baadaye, akitembea usingizini na mshumaa, mwanamke huyo tunayemwita chanzo cha yote anauliza: mkuu wa Fife alikuwa na mke, yuko wapi sasa? Kila ninapoyasoma maneno hayo huwa nafunga kitabu kwanza.

Kuna jambo jingine linalonishangaza kwa mtawala huyu. Aliutaka ufalme kwa nguvu zote, na alipoupata hakuwa na la kuufanyia. Kutawazwa kwake huko Scone, mahali pa kuwatawazia wafalme wa Uskoti, hatukuoni jukwaani. Tunakusikia kwa watu wakipita njia. Karamu yake moja kubwa inavunjwa na mzimu wa Banquo uliokalia kiti chake. Hatumwoni akiamua kesi, hatumwoni akitunga sheria. Tunachojua ni kwamba ana mtumishi wa kulipwa katika nyumba ya kila mkubwa, anayemletea habari. Malcolm, mtoto wa Duncan, anapotaja sifa zinazompasa mfalme anataja 12, kuanzia haki na ukweli hadi rehema na subira. Macbeth hata hajifanyi kuwa na mojawapo. Alitaka kupanda tu. Halafu, akiwa juu, anapiga hesabu na kugundua kwamba amejitia damu mikononi kwa faida ya watoto wa Banquo.

Kwa kupita tu: makala iliiita tamthilia hii historia ya Uskoti. La. Macbeth wa kweli alitawala kuanzia mwaka 1040 hadi 1057, Duncan alikufa vitani na si kitandani, na mwaka 1050 Macbeth huyo alikwenda kuhiji Roma, jambo ambalo mfalme anayeogopa kila kivuli nyumbani kwake asingethubutu. Tamthilia iliandikwa yapata mwaka 1606, enzi za Mfalme James, aliyeaminika kuwa ni wa ukoo wa Banquo. Mtu anayekula mkate wa mfalme hawezi kumchora babu wa mfalme akiwa mshirika wa muuaji.

Namalizia na kisa. Niliwahi kutazama mchezo huu ukiigizwa, na waandaaji, nadhani kwa kubana muda, walikuwa wameliondoa onyesho la Fife. Taa zilipowaka, kijana aliyeketi kando yangu akasema, "Maskini Macbeth, yule mwanamke kammaliza." Sikumlaumu. Hakumwona mtoto wa Macduff akitaniana na mama yake kuhusu wasaliti, wala hakumsikia akiwa amechomwa kisu akimhimiza mama akimbie. Nawaomba watakaouandaa tena wamwachie mtoto yule dakika zake.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa fasihi