Risala ya Kamati ya Wakfu wa Mayatima kwa Mgeni Rasmi, Lamu

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, masharifu na mashekhe, walimu wetu wa madrasa, mama zetu na watoto wetu,

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha, na twakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kupanda boti na kusi hii inavyovuma. Karibu kwa watoto wako.

Historia yetu ni fupi. Bibi mmoja wa Langoni, Mungu amrehemu, aliweka wakfu nyumba zake mbili za mawe, akasharutisha kodi yake iwalishe na kuwasomesha mayatima. Tulianza na watoto 9, leo wako 43. Kwa kodi hiyo tumeleta mageuzi makubwa ya elimu mtaani: wawili wamefika chuo kikuu, watatu wamehifadhi Qur'ani yote, na tumefungua idara ya ushonaji yenye vyerehani viwili. Mengine yamo katika nakala yako.

Mheshimiwa, nyumba moja kati ya hizo mbili imefungwa tangu masika ya mwaka jana. Boriti za dari zimeoza, sakafu ya juu imebonyea, mpangaji akahama kwa kuhofia wanawe. Nusu ya kodi imeondoka naye.

Misaada ya Ramadhani twaipokea, na Mungu awalipe watoaji. Lakini siku ya Idi watoto huvaa vipya, na ikifika Mfunguo Pili ada haina wa kuilipa. Kodi ya wakfu huja kila mwezi, mtu akumbuke asikumbuke.

Wako waliotushauri tuuze nyumba mbovu, tuhudumie nzima. Sayyidna Umar alipomtaka ushauri Mtume (S.A.W.) juu ya ardhi yake ya Khaibar, alielekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka matunda yake, basi haikuuzwa, haikurithiwa wala haikutolewa zawadi. Ruhusa ya kuuza hatuna, wala hatuitaki.

Twakiri pia kosa letu. Mapato ya wakfu hutakiwa kwanza kuutengeneza wakfu wenyewe, ndipo yagawiwe. Kila zamu ya boriti ilipofika, palikuwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Tukalipa ada.

Mji wetu umo katika Urithi wa Dunia tangu 2001, na ni fahari yetu. Lakini nyumba ya kale hapa haitiwi bati na zege ikaisha. Yataka boriti za mkandaa, mawe ya matumbawe, chokaa, na fundi anayeijua kazi hiyo. Fundi wetu amehesabu boriti 84. Pamoja na chokaa, mawe, punda wa kubebea na ujira, jumla ni shilingi 640,000.

Orodha hii si ngeni hapa. Miaka mitatu iliyopita ilisomwa chini ya turubai hili hili, na mgeni wetu akasimama akaahidi boriti zote. Watoto walimwombea dua kwa sauti moja. Tuliandika barua nne. Mwaka uliofuata mgeni mwingine aliahidi chokaa, akapigwa picha mlangoni mwa nyumba. Hatuwataji, na huenda walipatwa na udhuru. Ila watoto hutuuliza sisi, maana sisi ndio tunaobaki nao.

Kwa hivyo, Mheshimiwa, kwa heshima zote, leo hatuombi ahadi. Twaomba uchague katika orodha kile unachokiweza, hata kama ni boriti 10, ukiandikie tarehe na kutia saini mbele ya mashekhe hawa. Na twaomba utembee nasi ukaione nyumba. Iko nyuma ya msikiti, ufunguo anao katibu, fundi anangoja mlangoni. Tafadhali twende kabla ya pilau, kwa sababu wageni wetu wakishakula, boti huwa tayari inawangoja.

Wabillahi taufiki. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.