Pampu ya umeme haiharibu gari la kale

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaodai kwamba kufunga pampu ya umeme ya kurushia maji kwenye kioo cha mbele cha gari la kale ni kuliharibia asili yake. Mipira ya pampu za mkono au za mguu huchakaa, na dereva aliyerushiwa tope kiooni hana muda wa kubembeleza pampu.

Hata hivyo, mwenye gari athibitishe kwanza kama umeme wake ni wa volti 6 au 12, na kama bodi imeunganishwa na ncha chanya ya betri, jambo lililokuwa la kawaida katika magari mengi ya zamani ya Uingereza. Ikiwa ndivyo, nyaya za pampu zigeuzwe, la sivyo mota itazunguka kinyume. Pampu ikae usawa wa chini wa chupa ya maji, kwa kuwa nyingi hazivuti maji vizuri kutoka chini, na waya upitie kwenye fyuzi.

Kutoboa dashibodi (hapa sina huruma) hakuna sababu: swichi ya kubonyeza hufichika chini yake, na pampu ya awali ihifadhiwe ili mmiliki ajaye aweze kuirudisha.

Mpenzi wa magari ya kale