Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mipango: Wataalamu Wakutane Kabla ya Saini Yako

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu hatua inayotangulia sera: namna tatizo linavyochunguzwa. Afya wanaleta utafiti wao, maji wanaleta wao, hazina wanaleta hesabu, na makabrasha hayo yanakutana kwa mara ya kwanza mezani kwako, siku ya kusaini. Wakati huo kila wizara imeshajifunga na jibu lake.

Tazama visima vya bomba vya Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970, serikali na mashirika, UNICEF likiwamo, yalihimiza watu waachane na maji ya madimbwi yaliyokuwa yakieneza kuhara. Nia ilikuwa njema, na maji ya visima kweli yalikuwa na vijidudu vichache. Ila hayakupimwa aseniki, sumu ya asili iliyomo ardhini. Ilipogunduliwa mwaka 1993, watu walikuwa wameinywa miaka na miaka. Baadaye mabomba yakapakwa rangi: nyekundu penye sumu, kijani pasipo nayo. Hapo suala la kemia likageuka la ujirani. Mwenye bomba jekundu apige hodi kila siku kwa mwenye la kijani, au arudi dimbwini? Mhandisi wa maji hakusomea swali hilo, wala hatumlaumu.

Mexico City nako, mwaka 1989, ili kupunguza uchafuzi wa hewa, kila gari lilipigwa marufuku barabarani siku moja ya kazi kwa wiki, kufuatana na tarakimu ya mwisho ya namba yake. Baadhi ya watu wakanunua gari la pili, tena kuukuu.

Sisemi tusubiri hadi tujue kila kitu. Kuhara kulikuwa kukiua watoto, na kusubiri nako kungeua. Rittel na Webber wa Chuo Kikuu cha California walishaeleza mwaka 1973 kwamba matatizo ya aina hii hayana maelezo mamoja ya mwisho.

Ombi langu ni kwamba wataalamu wa sekta zote, pamoja na wanaoguswa, waandike maelezo ya tatizo kwa pamoja kabla ya kupendekeza chochote. Wasipokubaliana, tofauti zao ziandikwe hivyo hivyo. Usiletewe muhtasari uliopigwa pasi. Fedha za ufuatiliaji nazo (ambazo kwa kawaida hukatwa mwanzo) zilindwe.

Rasimu itakayokufikia bila hayo, irudishe.

Wako,
Mwananchi