Taarifa ya mwenyekiti kwa wanajumuiya: mwaka wa GMO na uji wa watoto

Assalaam alaykum ndugu wanajumuiya, wa Wete na nyie wa Konde na Micheweni mliotoka alfajiri.

Hesabu za ada atazisoma mweka hazina mwenyewe. Bustani ya tungule imetoa vizuri, pampu imeharibika mara mbili tukaitengeneza, basi. Linalonikaa rohoni mwaka huu ni hili la vyakula vya GMO, yaani vya mimea iliyobadilishwa jeni maabara.

Mnaikumbuka ile klipu iliyozunguka kwenye simu kabla ya Ramadhani, ati unga wenye mahindi na soya za GMO unaua watoto na kuzuia wanawake wasizae. Nilipoletewa mie nikaituma kwenu nyote bila ya kuuliza mtu. Mwenzetu mmoja akaacha kumpa mwanawe uji wa lishe, akawa anampa chai ya rangi na mkate, na baada ya miezi miwili nilipokwenda kwake nikaukuta mkono wa mtoto umekuwa kama bua la mchicha, tukambeba mpaka kituo cha afya, wakamfunga ule utepe wa kupimia mkono, ukasimama kwenye nyekundu, ndo utapiamlo mkali. Alhamdulillah sasa anakula na anakimbia. Lakini onyo lile nimelituma mie, na nawaomba radhi nyote, mama yake kwanza.

Tokea siku ile nasoma na kuuliza. Mwaka 2016 Akademia ya Sayansi ya Marekani ilitoa ripoti kubwa, hawakuona ushahidi kwamba vyakula vya GMO vilivyoko sokoni vina madhara kwa afya kuliko vya kawaida. Kuna utafiti uliotoka Ufaransa 2012, ati panya waliolishwa mahindi ya GMO wameota uvimbe, na Kenya ikapiga marufuku GMO mwaka huo huo. Jarida lililouchapisha liliufuta 2013 mana panya walikuwa wachache na ni wa aina inayoota uvimbe hata usipowafanya kitu. Kenya nayo ikaondoa marufuku 2022. Alafu mchele na ngano, ndo chakula chetu kikubwa, humo GMO ni nadra sana, imo zaidi kwenye mahindi, soya, pamba na kanola, ile ya kukamua mafuta.

Sisemi tulale. Kila mbegu inataka kupimwa peke yake, mana miaka ya tisini kuna soya iliyotiwa jeni ya kokwa ya Brazil, walipoipima kwa damu ya watu wenye mzio wa kokwa zile ikaonekana ingewadhuru, ikaachwa kabla haijafika sokoni. Kipimo kilifanya kazi. Ila mwaka 2000 huko huko Marekani mahindi ya StarLink, yaliyoruhusiwa kwa mifugo tu, yakakutwa kwenye chakula cha watu. Waliolalamika walipimwa na mzio haukuthibitika, lakini mie nnajiuliza kama wao wenye maabara yaliwaponyoka, sie tunaopokea magunia bandarini je? Kwa hivyo lebo ni haki yetu, mnunuzi ajue anakula nini. Barua tumepeleka kwa wahusika, jibu bado, nitafuatilia mpaka lipatikane.

Na liko la karibu zaidi. Mahindi na soya nyingi za GMO zimetengenezwa zistahamili dawa ya magugu ya glaifoseti, ambayo mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilisema huenda inasababisha saratani kwa binadamu, ingawa wadhibiti wa Ulaya hawakukubali. Dawa za magugu sie tunazo mabondeni, GMO hatulimi hata shina moja. Mwezi wa nane nimemkuta mwanachama kaitia kwenye chupa ya maji ya kunywa, imewekwa chini ya mkorosho na watoto wanacheza pale pale, yeye anapiga bila glavu wala viatu. Kuanzia sasa dawa inakaa kwenye kopo lake lenye lebo, na pesa ya faida ya tungule napendekeza tununulie glavu na buti.

Karanga zenye ukungu pia msisage kwenye uji wa mtoto, hata kama ni chache, hata ukizichagua. Ile ni sumukuvu, inaharibu ini, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Jumamosi saa tatu tutapika uji wa lishe pale skuli, yule mama kakubali kuja na mwanawe. Kila mmoja aje na kibaba cha mahindi makavu.